Kabla Hujakata Mkanda wa Belo

Kaa, mwanangu. Chai hiyo hapo, sukari jitilie mwenyewe. Simu igeuze kidogo, wateja watasubiri dakika chache.

Najua una haraka. Una laki tatu ulizodunduliza. Una simu inayopiga picha nzuri. Umewaona wenzako wanatundika magauni ukutani, wanayapiga picha, wanayaweka Instagram na kwenye status ya WhatsApp, na jioni wanasema mzigo umeisha. Unataka kuanza kesho. Sikuzuii. Mimi nilianza nikiwa na umri kama wako, mwaka 1991, turubai chini na nguo juu yake, kando ya barabara kule Tandika. Baadaye nikapata meza Karume, pale Ilala. Siku hizi nauza kwa simu kama wewe. Haya ninayokuambia nimeyalipia kwa pesa yangu, na nyingine ilikuwa pesa ya ada za watoto.

Neno langu ni moja. Kabla hujahesabu faida, hesabu nguo ambazo hazitauzika. Nitalirudia, univumilie.

Ngoja nikusimulie belo langu la kwanza. Siku zile walikuwapo bado watu walioziita nguo hizi za mtumba kafa Ulaya, wakiamini zimevuliwa maiti. Mimi sikujali. Nilikuwa nimekulia kwenye uhaba. Nakumbuka mama yangu alivyopanga foleni tangu alfajiri apate doti ya khanga, na akarudi mikono mitupu. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya themanini, enzi za Mzee Mwinyi, mitumba ikaanza kuingia kwa wingi, na watu wakavaa. Mtumba, kama hujui, ni furushi tu, mzigo uliofungwa. Jina la mzigo likawa jina la nguo.

Mtaji niliupata kwenye mchezo wa kupeana pesa. Tulikuwa wanawake kumi, na kijumbe akanipa zamu ya kwanza kwa kunionea huruma. Nikanunua belo la blauzi za kike, kilo 45, limebanwa gumu kama tofali. Nilipokata mikanda likafumuka lenyewe kama andazi kwenye mafuta. Za juu zilikuwa nzuri mno. Nikahesabu vipande, nikagawa bei ya belo kwa idadi ya nguo, nikaongeza kidogo, nikapata bei moja. Kila blauzi bei ile ile. Nilijiona mwerevu kwa sababu mteja hakuwa na haja ya kuuliza.

Siku ya kwanza wanawake walinizunguka. Wakachambua, wakagombania, wakaondoka na nzuri zote. Nikarudi nyumbani naimba. Siku ya pili walikuja wachache. Siku ya tatu wakawa wanainua blauzi kwa vidole viwili, wanaitazama, wanairudisha. Mmoja akaniuliza, "Mama, mbona juzi ulikuwa na nzuri kwa bei hii hii?" Sikuwa na jibu. Wiki ya tatu nikauza kwa nusu bei. Wiki ya sita zilizobaki nikawapelekea mafundi wa gereji, wafutie mikono. Nilipojumlisha, pesa ya mchezo haikurudi yote, na wenzangu tisa walikuwa wanasubiri zamu zao. Nilichangia mchezo ule miezi tisa kwa kuuza maandazi.

Nilichelewa sana kuelewa nilikosea wapi. Niliwapa wateja wa siku ya kwanza nguo bora kwa bei ya nguo za wastani, kisha nikawataka wateja wa siku ya tatu wanilipie tofauti. Wao wana kosa gani?

Tufanye hesabu hiyo kwa pesa ya leo. Namba ni za mfano tu, lakini chukua kalamu. Tuseme belo limekugharimu 600,000, na kirikuu pamoja na mbebaji 20,000. Jumla 620,000. Ndani zimo blauzi 220. Ukigawa, kila moja imekusimamia kama 2,800. Unasema utauza 5,000, unapata 2,200 kwa kila moja, mara 220, inakaribia laki tano. Umeshaanza kuitumia kichwani.

Sasa lifungue. Tuseme 40 ni gredi ya kwanza, kitambaa kizuri, vifungo vyote vipo, mtindo bado unavaliwa. Mia moja ni za kati. Sitini ni za chini, zimepauka au mtindo wake umepita. Ishirini ni mbovu kabisa. Ukiziuza zote 5,000, zile 40 zinaondoka mara moja, unapata 200,000. Za kati watu wanazikataa kwa bei hiyo kwa kuwa wameshaona nzuri zake, mwisho unazishusha hadi 3,000, unapata 300,000. Za chini unazimwaga kwa 500, unapata 30,000. Mbovu hazina kitu. Umekusanya 530,000. Umepoteza 90,000.

Zipange upya. Zile 40 ziuze 9,000, unapata 360,000. Za kati ziuze 4,000 tangu siku ya kwanza, unapata 400,000. Za chini 1,000, unapata 60,000. Jumla 820,000. Ukitoa 620,000 umebaki na laki mbili. Belo ni lile lile, mwanangu. Barabara ni ile ile.

Na hizo laki mbili bado si zako. Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili, miaka thelathini baadaye, nikiwa najiona mkongwe.

Nilihamia kwenye simu kwa kulazimika. Januari 2022 soko la Karume liliungua usiku. Asubuhi nilipofika, pale penye meza yangu palikuwa na jivu na mabati yaliyokunjamana. Watu wazima walikuwa wamekaa chini, wameshika vichwa. Nyumbani nilibakiwa na nguo 31, nilizokuwa nimezibeba kuzifua na kuzipiga pasi. Binti wa dada yangu akazitundika moja moja kwenye mlango, akazipiga picha, akaziweka kwenye status yake. Kwa siku nne nguo zote zikaisha. Nikasema Mungu amenifungulia mlango mwingine, na ni kweli alinifungulia. Lakini nikaingia na bei zangu za mezani.

Angalia tofauti. Mezani mteja anakuja kwa nauli yake. Anavaa juu ya nguo yake, anajitazama, analipa mkononi, anaondoka. Kwenye simu kila alichokuwa anakifanya yeye unakifanya wewe. Unafua, unapiga pasi, unatundika, unapiga picha mpaka mwanga ukae sawa. Unalipia bando. Unajibu watu kumi ili mmoja anunue. Unanunua mfuko wa kufungia. Unamtuma bodaboda, anafika Kimara, mteja hapokei simu, bodaboda anarudi na nguo na anataka nauli ya kwenda na kurudi. Pesa ikiingia kwenye simu, kuitoa kuna makato, na siku zile kulikuwa pia na tozo za miamala zilizoanza Julai 2021. Nguo ya 6,000 nilikuwa naiona ya 6,000. Haikuwa hivyo hata siku moja.

Niligundua miezi mitatu baadaye. Nilikuwa nauza kila siku na sina pesa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi, niliyewaambia hivyo watoto wangu miaka yote, sikuwa na daftari la biashara ya simu. Nilidhani simu inatunza. Simu inatunza meseji za pesa iliyoingia. Pesa iliyotoka kidogo kidogo, mia tano ya mfuko, elfu mbili ya bodaboda aliyerudi, hiyo haikuandikwa popote.

Kwa hiyo kwenye laki mbili zako toa gharama hizo. Mimi kwa mzigo wa namna ile ningetenga 70,000, na pengine ingezidi. Unabaki na 130,000. Halafu jiulize umezipata kwa siku ngapi. Wiki tatu, hiyo ni kazi. Miezi minne, afadhali ungefua nguo za majirani kwa ujira. Siku zako nazo ziandike. Mimi sikuziandika kwa miaka mingi, nikidhani jasho la mwenye mali halina bei. Matokeo yake niliuza rahisi kuliko wote, nikachoka kuliko wote, na wateja waliponizoea hivyo ikawa vigumu kupandisha.

Kuna jambo linalotoka humo. Si kila nguo inafaa kupanda kwenye simu. Blauzi ya 1,000 haiwezi kubeba picha, pasi, bando na bodaboda. Kila ukiiuza inakupunguzia. Zile za chini zifunge sitasita umpe machinga anayetembeza, au umuuzie mwenye meza Tandika kwa jumla, ziondoke ndani siku hiyo hiyo. Za kati ziuze mbilimbili, nauli ya bodaboda igawanyike. Simu iachie nguo zenye mabega ya kubeba gharama zake.

Sasa turudi kwenye laki tatu zako. Usinunue belo.

Najua unaona ninakuonea. Rafiki yako anataka mchange belo la jinzi, nusu kwa nusu. Lakini fikiri. Mwenye belo anahitaji mahali pa kupeleka gredi zote tatu. Mimi nina watu wa kuchukua za chini. Wewe una simu tu, na simu itauza zile 40. Nyingine zitalala chini ya kitanda chako, na chumba kitanuka mtumba, na kila ukiziona utakata tamaa. Nenda sokoni ukachague kipande kimoja kimoja. Utalipa zaidi kwa kila kipande, ndiyo. Lakini zisizouzika unamwachia mwenye belo. Hiyo ziada unayolipa ndiyo bei ya kutozipeleka nyumbani, na ni bei nzuri sana kwa mtu mwenye mtaji mdogo.

Nenda alfajiri, saa kumi na moja, wakati mabelo yanafunguliwa. Wanaochagua kwanza hulipa bei ya juu. Kadiri jua linavyopanda na mafungu yanavyochambuliwa, bei inashuka, na nguo nazo zinashuka. Nilipokuwa kijana nilipenda kwenda saa tatu, nikidhani wanaolipa bei ya asubuhi ni wajinga. Nilichukua masalio yao kwa miaka miwili.

Beba tochi. Taa za sokoni hudanganya, nyeusi na bluu hufanana, na doa la mafuta halionekani mpaka uone jua. Tazama kwapani kwanza, nguo huanza kufa hapo. Vuta zipu mpaka juu na urudishe. Ingiza mkono kila mfuko. Shika kitambaa kwenye makalio ya suruali ukielekeze kwenye mwanga, utaona kama kimechakaa. Nusa. Usione haya kunusa. Halafu toa tepu, pima kifua na urefu, uandike kwa inchi. Lebo za nguo hizi zimetoka nchi nyingi, namba 12 ya Uingereza si 12 ya Marekani, na mteja wako hawezi kujaribu. Nguo nyingi nilizorudishiwa zilirudi kwa sababu ya kipimo. Nilikuwa naandika "inavaa mwili wa kati". Mwili wa kati ni upi?

Na anza na aina moja. Vipande kumi, kumi na tano. Magauni tu, au mashati ya ofisini tu. Mtu akijua kwako anapata mashati, atakurudia kwa shati. Ukimchanganyia viatu, mapazia na jaketi za watoto, hutajua hata wewe bei ya kitu chochote, kwa sababu bei hujulikana kwa kuuza kitu kile kile mara nyingi.

Siku moja utakuwa tayari kununua belo, na hapo kumbuka kisa hiki. Mwaka mmoja nililetewa habari ya belo la magauni, bei chini kwa karibu robo. Muuzaji alikuwa mpole, anakuita mama kila neno. Mikanda ilikuwa imelegea kidogo, nikaona. Mfuko wa nje ulikuwa umebandikwa selotepu upande mmoja, nikaona pia. Moyo ulishaichukua ile robo, macho hayakuwa na kazi tena. Lilikuwa belo lililokwisha kufunguliwa, likachambuliwa, likafungwa upya. Ndani hamkuwa na gredi ya kwanza hata moja. Rahisi huvunja upishi, nilijua methali hiyo tangu utotoni. Tangu siku ile sinunui belo bila kulipima kwenye mizani, na nikiona mkanda umelegea naondoka hata kama muuzaji ni ndugu yangu. Muulize aliyenunua chapa ile wiki iliyopita alikuta nini. Wauza mitumba huambiana ukweli wakikaa pamoja kwa chai, si ukimuuliza mmoja kwa haraka mbele ya wateja wake.

Nguo za ndani zilizotumika usiziguse. TBS wamezipiga marufuku, na kusema kweli hata wasingezipiga, ningekukataza. Kuna vitu mtu hapaswi kumvisha mwenzake.

Wengine watakuambia huna haja ya mzigo, kuwa winga tu. Nenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo, piga picha viatu vya watu, weka cha juu, mteja akilipa ndiyo ununue. Siwadharau mawinga, wengi wamejenga kwa kazi hiyo. Lakini kijana wa jirani yangu alipokea pesa ya pea nne Jumatatu usiku. Jumanne duka limeishiwa namba ile. Akazunguka Kongo, akazunguka Aggrey, akapata pea zile kwa bei iliyozidi hata aliyouzia. Angefanyaje? Alinunua kwa hasara, akapeleka, na namheshimu kwa hilo. Ukitaka kuwa winga, mpigie mwenye duka kabla ya kupokea pesa, si baada. Na cha juu chako kiwe kinatosha kulipia miguu yako na ile siku moja katika kumi ambapo mambo yataharibika. Mzigo wa kuagiza China kwa meli uache kwanza. Pesa yako itakaa njiani wiki nyingi, na wewe huna pesa ya kukaa bila kufanya kazi.

Chai imepoa? Ongeza ya moto.

Nataka nikueleze habari ya koti. Lilikuwa koti refu la sufu, rangi ya kahawia, limetoka Ujerumani kwa lebo yake. Nilililipia 25,000 kwenye kuchagua. Nilipolivaa nilijiona mtu mwingine. Nikasema hili halitoki chini ya 60,000. Akaja mwanamke aliyekuwa anasafiri, akatoa 30,000. Nikakataa. Akafika 35,000. Nikamwambia, dada, hujui unachoshika. Akaondoka. Koti lilikaa kwangu miaka miwili, Dar es Salaam, kwenye joto hili. Nililipiga picha mara nyingi hadi wateja wangu wakaanza kuulizana kama bado lipo. Mwaka wa pili nondo wakalitoboa kwenye kola. Nililiuza 5,000.

Nilihesabu siku moja ile 35,000 ingefanya nini kama ningeipokea. Ingenunua mashati saba. Mashati yale yangeuzwa, yangenunua mengine, na mengine. Kwa miaka miwili! Koti halikunipotezea 20,000 tu. Lilikuwa limeshika pesa yangu mkono, haitembei.

Kwa hiyo kila nguo iandikie tarehe iliyoingia. Wiki nne zikipita haijaondoka, ishushe. Wiki nane, iuze kwa bei uliyonunulia tu. Baada ya hapo mpe atakayeichukua. Utaumia. Mimi mpaka leo huumia, hasa ikiwa nguo niliipenda. Ndiyo maana sichagui tena ninachopenda kuvaa. Nachagua ambacho watu watatu wameniulizia.

Lakini kuna nguo inayolala kwa sababu msimu wake haujafika, na hiyo ni habari nyingine. Masweta hapa mjini Januari hakuna anayeyatazama, watu wanatafuta ada na mwezi ni mrefu. Nenda uyachague hapo, yako chini. Yafue, yakaushe vizuri, yafunge na karafuu kidogo kuwazuia wadudu. Mwezi Mei anza kuyaweka. Njombe, Makete, Mbeya, Iringa, baridi ya Juni na Julai kule haina mchezo, na vifurushi vinakwenda kwa basi kutoka Mbezi. Nimelipa ada za kidato cha tano kwa masweta. Sharti pesa ya masweta iwe ile ambayo hutaihitaji miezi mitano. Usiweke laki tatu zote kwenye subira.

Kuhusu kuandika bei, tunatofautiana, najua. Wewe na wenzako mnaandika "bei njoo inbox". Mnasema mteja akija kuuliza, mmeshamshika. Mimi naona mnajichosha na mnamwogopesha. Mwenye 8,000 anadhani gauni ni 30,000, anaona haya kuuliza, anapita. Mwenye kuuliza naye anajua unamtazama kwanza ndipo umpangie. Andika bei. Andika pia kama nauli ya bodaboda imo au haimo, na usiseme ni bure kama umeificha ndani ya bei.

Atakuuliza, "Mwisho shingapi?" Watu wetu wataomba kupunguziwa, ni heshima ya mazungumzo, usikasirike. Jibu lake liwe limeshaandikwa kwenye daftari lako kabla hujaweka picha. Bei ya kutangaza, na bei ambayo chini yake huuzi. Nilipokuwa sina hiyo ya pili, nilikuwa napangiwa bei na shida zangu. Siku ambayo nyumbani hakuna unga, kila ofa ilikuwa nzuri.

Na doa au tundu lipige picha, liweke wazi. Niliwahi kumficha mteja tundu dogo kwenye mkono wa jaketi, nikalikunja kwenye picha. Hakulalamika. Alinunua kwangu mara tisa kabla ya siku ile. Hakununua tena.

La mwisho ni gumu kulisema. Januari moja nilikula mtaji. Nilikuwa na pesa ya belo mkononi na mtoto amerudishwa shule. Nililipa ada. Ningelipa tena, sijutii. Ninachojutia ni kilichofuata. Nilikwenda kukopa mikopo ile mnayoiita kausha damu ili nirudishe belo, na riba ilikula belo hilo na jingine lililofuata. Ningerudi kwenye turubai na nguo kumi ingekuwa salama zaidi. Ilikuwa aibu tu, sikutaka wenzangu wa Karume wanione nimepungua. Ikikufika, na inaweza kukufika, punguza mzigo. Anza na nguo kumi. Hakuna atakayekucheka kwa muda mrefu, kila mtu ana yake.

Sasa fanya hivi. Hizo laki tatu, laki moja iache benki, usiniulize kwa nini. Elfu hamsini ni ya gharama za simu, mifuko na bodaboda atakayerudi. Laki na nusu ndiyo ya kuchagulia. Jumamosi njoo ulale hapa. Nitakuamsha saa kumi. Tutapanda daladala ya kwanza, nitasimama nyuma yako, sitasema kitu mpaka uwe umechagua kumi za kwanza. Tochi ninayo. Tepu njoo na yako.